Mgagani wa Mke Wangu Mwaka wa Baridi

Mwezi wa kumi kwetu Mwanza ni mwezi wa jua. Ndio mwezi ambao mawe ya mlimani yanachemka mpaka kuku wanakataa kuyakanyaga, na watu wanatoa magodoro nje kuyaanika. Mwaka ule sijui kilitokea nini. Kulikucha na wingu, kukashinda na wingu, na upepo ukawa unapanda kutoka ziwani na unyevunyevu wake, unaingia ndani utadhani nyumba haina kuta. Watu wa Njombe na Makete watanicheka, najua. Waache wacheke. Mtu wa Mwanza akivaa sweta mchana wa mwezi wa kumi, ujue mambo si mambo.

Mimi nilikuwa nimechoka hata kabla ya hiyo baridi. Mke wangu alikuwa amepasuliwa tumbo. Utumbo ulijisokota, wakakata kipande, wakaunga, na tulikaa hospitali mpaka nikaizoea harufu ya wodi kuliko ya nyumba yangu. Siku ya kuruhusiwa daktari aliniita pembeni, akaongea kwa ule upole wao ambao mtu ukiusikia tu unaanza kuogopa. Akasema, sisi kazi yetu tumemaliza, iliyobaki ni ya mgonjwa mwenyewe. Akila, mwili utajijenga. Asipokula, hatutakuwa na la kufanya. Yaani uhai wa mke wangu uliwekwa kwenye sahani, mimi nikakabidhiwa sahani.

Na mke wangu hakula. Uji, vijiko viwili vitatu, basi. Samaki ananuka. Wali unamkaba. Supu anaitazama tu, kisha anageuza uso ukutani. Kitu pekee alichokipokea kwa moyo ni mgagani wa bustani yake mwenyewe, uliochemshwa, ukamwagwa maji ya uchungu, ukapikwa na maziwa, pamoja na ugali laini. Nilimletea wa sokoni. Akaonja, akatema.

"Huu umemwagiliwa maji ya mtaro," akasema.

Jamani! Mtu hana nguvu ya kukaa kitako, lakini ya kubagua mboga anayo. Ndivyo alivyo tangu nimuoe.

Bustani yenyewe iko nyuma ya nyumba, huku mlimani juu ya Mabatini, katikati ya mawe makubwa mawili. Pale hapakuwa na udongo wa maana. Udongo alioupata aliupandisha kwa ndoo kutoka bondeni, ndoo kwa ndoo, miaka na miaka, na mimi nilikuwa namwambia anajisumbua. Akaotesha mchicha, nyanya, bamia, matembele, na mgagani ndio zaidi ya vyote, kwa sababu mama yake alimlea kwa mgagani. Mwaka wa kawaida yale mawe yanashika joto la jua mchana kutwa na mgagani unaota kwa fujo, hata kwenye nyufa ambako hukuumwaga. Lakini mgagani na baridi haviivi. Mwaka ule mimea ya zamani ilikuwa imeshatoa maua, majani yamekuwa ya njano, tunachuma ncha tu. Ilibidi tuoteshe mingine, na haraka.

Nasema tuoteshe, sisi wawili: mimi na mama mkwe.

Watoto wetu wako mbali na kazi zao, na mimi natumika ofisi ya vifurushi kule stendi ya Nyegezi, natoka alfajiri narudi alasiri. Mgonjwa hawezi kuachwa peke yake. Basi mama yake akaja kutoka ng'ambo ya Busisi. Zamani angesubiri pantoni. Safari hii alipita darajani, na aliniambia kwamba alifumba macho tangu mwanzo wa daraja mpaka mwisho. Hapana, nimekosea. Hakuniambia mimi. Alimwambia mke wangu, mke wangu akaniambia mimi. Maana mimi na mama mkwe hatuongei.

Msidhani tuna ugomvi. Ni heshima. Siku hizi wapo watu wanaokaa sebuleni na wakwe zao wanaangalia televisheni, wanagombania rimoti, sawa, ni maisha yao. Huyu wa kwangu ni wa zamani. Kwao, mama na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawali chombo kimoja, hawatazamani usoni. Akinikuta njiani anatoka njiani, anajifunika khanga mpaka puani, anageukia porini mpaka nipite. Na mimi nikimwona mbele yangu nakata kona. Tangu nioe hadi watoto wakakua, sikuwahi kuuona uso wake vizuri. Ningeulizwa mama mkwe wako anafananaje, ningesema ana visigino vilivyopasuka na khanga nyingi.

Sasa hebu fikiria watu wa namna hiyo wawekwe nyumba moja ndogo, katikati yao mgonjwa. Yeye alilala chumba cha uani, jirani na jiko. Mimi nilitumia mlango wa mbele. Nikitaka kwenda nyuma nilitakiwa nikohoe kwanza, apate nafasi ya kuondoka. Mpango mzuri, ila baridi ile ikanishika kifua. Nikawa nakohoa kitandani, nakohoa sebuleni, nakohoa chooni, na kila nikikohoa nasikia sufuria zinaanguka huko nyuma: mama wa watu anakimbia. Maskini, alikimbia sana mwezi ule.

Akiwa na la kunieleza, alisimama nyuma ya ukuta akasema na hewa. "Mwambieni huyo baba chumvi imeisha." Waambiwe nani? Hakuna mtu pale. Na mimi nawajibu hao hao wasiokuwepo: "Mwambieni mama nitakuja nayo." Tulielewana hivyo hivyo.

Bustanini tulipeana zamu bila kupangiana. Mimi alfajiri, kabla ya kwenda Nyegezi, namwagilia, nalima kidogo. Yeye mchana anapalilia, anaweka samadi na majivu. Nilijua amefika wapi kwa kutazama kazi yake. Jembe langu nalikuta limeoshwa. Siku moja nilikuta ndoo ya kumwagilia imefunikwa chini juu, jiwe likawekwa juu yake, nikaelewa kwamba anasema maji yamezidi. Zamani mambo yote ya bustani yalipita kwa mke wangu: mwambie mama hivi, mwambie mume wako vile. Sasa mke wangu amelala, au yuko macho ametazama ukuta, na hakuna kati yetu aliyekuwa na roho ya kumsumbua kwa habari za matuta. Tukanyamaza. Ndipo tukaharibu.

Ilikuwa hivi. Mimi nilimwaga mbegu za mgagani kwenye tuta lililo chini ya jiwe kubwa, mahali penye joto kuliko pote. Mbegu zake ni ndogo sana, unazichanganya na mchanga ili zisirundikane, unafukia kidogo tu. Kwa jua la kawaida ungeona kijani baada ya siku chache. Kwa ile baridi, kimya. Mama mkwe akapita, akaona tuta jeupe, akajua huyu baba na kazi zake za stendi hajapata muda. Akachukua jembe akalichimbua lote, chini juu, akaweka samadi, akamwaga mbegu zake. Alfajiri nikakuta tuta limelimwa, laini, limesawazishwa. Nikasema moyoni, asante mama, umeniandalia. Nikapitisha reki, nikamwaga za kwangu tena, nikamwagilia. Yeye akaja akaona maji yametuama, akachimbua ili pakauke. Na kadhalika na kadhalika. Tulikuwa tunafukuana wenyewe kwa wenyewe, kila mtu kwa nia njema kabisa.

Nilikuja kugundua Jumapili moja nimetoka kanisani. Nimesimama dirishani na sweta langu, natazama nje, namwona mama ameinama kwenye tuta lile lile nililolimaliza jana yake, jembe linapanda linashuka. Sikufikiri. Nikapiga kelele:

"Mama! Mama, hapana!"

Yule mama alishtuka kuliko mtu aliyekanyaga nyoka. Sauti ya mkwe inamwita yeye, moja kwa moja, mchana kweupe! Alirusha jembe, akavuta khanga, akaondoka mbio, na kopo la mbegu lililokuwa kiunoni likaruka, likamwagika lote kwenye matope ya ndoo niliyokuwa nimeiacha pale. Mbegu zetu zote. Mimi zangu nilikuwa nimeshazimaliza jana yake.

Baadaye nikasikia nyuma ya ukuta: "Mwambieni huyo baba, mgagani hauoti kwa kupigiwa kelele."

Nilikwenda kumweleza mke wangu. Nilitegemea atanikaripia. Akacheka. Alicheka akiwa ameshika mshono kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, anasema acha, acha, mtanipasua. Sijui kwa muda gani sikuwa nimesikia kicheko kile. Nikakimbia jikoni nikidhani sasa atakula. Niliporudi nilimkuta ameshageukia ukutani, na sahani ikarudi vile vile.

Siku zilizofuata sizipendi hata kuzikumbuka. Ncha za mgagani wa zamani ziliisha. Mikono ya mke wangu ikawa myembamba, pete ikawa inazunguka kidoleni, akaivua akaiweka dirishani ili isipotee. Kazini nikaomba ruhusa. Asubuhi moja mama mkwe alimwogesha, akamvisha, akamlaza, kisha akauambia ukuta kwamba waniambie anakwenda kwake kuchukua mbegu, na kwamba nisiguse tuta. Akapanda gari la kwenda Busisi na akarudi kesho yake alasiri.

Mimi nilikuwa bustanini. Sikuwa nimegusa tuta, nilikuwa naondoa majani ya nyanya yaliyopigwa na baridi, meusi, yanayonyong'onyea mkononi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka hauoni nyumba za chini. Nikasikia hatua. Nikajua amerudi, nikakohoa, nikageuka ili nitoke, yeye apate kupita.

Hatua hazikusimama. Nilipoinua macho alikuwa mbele yangu. Khanga iko mabegani, kichwa kiko wazi, nywele zote nyeupe. Ananitazama usoni. Ndiyo mara ya kwanza nikauona uso wake, na ni uso wa mke wangu, ule ule, umezeeka.

"Usitoke," akasema.

Akafungua ncha ya khanga, akatoa mbegu, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi na kigumu. Akazimimina mkononi mwangu, akanifunga vidole kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu," akasema, "tupande wote. Tumechoka kukimbizana."

Nikatamani kuuvuta mkono wangu. Kwa sababu nilishawahi kumwona akifanya vile. Dada wa mke wangu alifariki miaka ya nyuma, tukaenda kuzika huko kwao. Huyu mama alikuwa akimkimbia mume wa yule binti kama anavyonikimbia mimi. Lakini baada ya udongo kurudishwa kaburini, mbele ya watu wote, mimi nikiwa nyuma yake naona kisogo tu, alijifunua kichwa, akamwendea yule bwana, akamshika mkono, akamwita mwanangu. Shangazi wa mke wangu aliyekuwa karibu yangu alinieleza: kilichowafanya waoneane aibu kimeondoka, sasa ni mama na mtoto tu.

Kwa hiyo nilijua anachoniambia. Hakuhitaji kuongeza neno.

"Mama," nikasema, "mbona bado?"

"Nilimwogesha jana asubuhi," akasema. "Mwili wake naujua, mimi ndiye niliyeuzaa. Nimeshazika mmoja."

Nilitaka kumrudishia mbegu zake. Nilitaka kumsukuma, Mungu anisamehe, mama mtu mzima vile. Wema wake ulinichukiza kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa. Lakini sikuwa na nguvu hata ya kukasirika sawasawa. Nilipiga magoti upande huu wa tuta, yeye upande ule, tukawa tunachora mistari kwa kidole na kudondosha mbegu kwenye udongo wa baridi. Aliniambia nisifukie sana. Nikamwambia nimeelewa. Akaniuliza kifua kinaendeleaje. Tuliongea, watu wawili, kwa sauti za kawaida, na kila neno lilinichoma.

"Baba!"

Ilikuwa sauti ya mke wangu kitandani, ikipita dirishani. Huwa ananiita hivyo tangu tupate watoto. Niliinuka nikaingia ndani na udongo magotini.

Alikuwa amejigeuza, hatazami ukuta. Ananitazama mimi.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mama."

"Mama gani?"

"Mama yako."

"Uso kwa uso?"

Akanitazama mkono, ule uliokuwa na udongo.

"Amekuitaje?"

Sijawahi kuweza kumdanganya. "Mwanangu," nikasema.

Nilidhani atalia. Kumbe anakusanya nguvu. Akaweka kiwiko kitandani, akajisukuma, akakaa. Mwenyewe, bila kushikwa.

"Kumbe mmeshanizika," akasema. "Mmenizika, mmebaki kugawana bustani yangu."

"Hakuna aliyekuzika, mke wangu."

"Nyamaza! Dada yangu alisubiriwa mpaka akafukiwa ndipo mama akamshika mkono shemeji. Mimi mnanizika nikiwa nasikia? Dirisha liko wazi! Hata kunisubiri mmeshindwa?"

"Ni mama ndiye aliyeanza," nikasema, kama mtoto.

"Uji uko wapi?"

Uji wa asubuhi ulikuwa mezani, umepoa, umefanya utando juu. Nikasema niupashe. Akasema lete hivyo hivyo. Nikampa bakuli, hakutaka nimshikie. Akanywa. Alikunja uso kwa kila funda, akapumzika, akanywa tena, ananitazama kwa hasira juu ya ukingo wa bakuli, na mimi nimesimama pale sithubutu hata kukohoa. Ulipofika nusu akanirudishia.

"Huu mbaya," akasema. "Kanitengenezee mwingine wa moto. Na ukipita huko nje, mwambie mama arudishe khanga yake kichwani. Mimi sijafa."

Nikatoka. Mama mkwe alikuwa bado amepiga magoti, anafukia mstari wa mwisho. Kichwa kiko wazi kwenye ule ukungu. Nikafika karibu, nikataka kumwambia, nikaona siwezi kumtazama na kumwambia jambo hilo. Basi nikampa mgongo. Nikaligeukia jiwe kubwa, hilo lililokuwa baridi mwezi mzima, nikaliambia kwa sauti ya kusikika:

"Mwambieni mama, binti yake anasema hajafa. Anasema mama arudishe khanga kichwani."

Nyuma yangu kazi ilisimama. Nikasikia pumzi yake tu, na upepo kwenye majani ya nyanya yaliyokufa. Nikasikia kitambaa kinavutwa. Sauti yake ilipokuja ilitokea chini ya khanga, na ilikuwa inamkatika.

"Mwulizeni huyo baba. Amekula?"

"Mwambieni mama amekunywa uji nusu bakuli. Amekaa mwenyewe. Anataka mwingine wa moto."

Nadhani alikuwa analia, sikugeuka kutazama, sikuwa na ruhusa hiyo tena.

"Basi mwambieni huyo baba," mama mkwe akaliambia jiwe, "asisimame bustanini kwa watu. Moto uko jikoni, unga uko kwenye debe. Afanye haraka."

Nilipogeuka, alikuwa ameshanyanyuka, khanga mpaka puani, anakimbia kwa magoti yake mabovu kwenda kujificha nyuma ya jiwe, ili mimi nipate njia ya kupita.